Kijiti cha Tatu, Kuelekea Ziwani

Eneyda Potoy hakuamini kitu mpaka akiguse. Birika likipiga mluzi jikoni, bado alisogeza kiganja karibu na bati kuhakikisha. Nacatamal za Jumapili, vifurushi vya unga wa mahindi na nyama vilivyofungwa kwa majani ya mgomba na kuchemshwa tangu alfajiri, alivibonyeza kimoja kimoja kama daktari anayepapasa tumbo. Nilipanga chumba cha uani nyumbani kwake, mtaa wa Altagracia, Managua, kwa miaka minne, na mwanzoni nilidhani ni ukaidi tu wa watu wa Masaya, maana ndiko alikozaliwa. Nilikuja kumwelewa mwaka ule mjukuu wake Nubia alipozaliwa na wiki ishirini na tisa, uzito wake haufiki mfuko wa kilo mbili za mchele, akalazwa katika wodi ileile ambayo bibi yake alikuwa akitunza kompyuta yake.

Wodi ilikuwa ghorofa ya pili ya Kliniki ya Santa Elvira. Inkubeta kumi na moja, wauguzi watatu kwa zamu, na kabati moja la chuma lenye seva ya zamani iliyoletwa kama msaada na wageni ambao hawakurudi tena kuiulizia. Kila mtoto alifungwa kidude chenye taa nyekundu mguuni. Kidude kilisoma oksijeni kwenye damu, kikapeleka namba kwenye seva, seva ikaiandika, ikaionyesha kwenye kioo ukutani, na namba ikishuka chini ya themanini na tano, kengele ililia. Mtoto njiti husahau kupumua. Hakuna fujo, hakuna kilio. Anasahau tu, kama mtu aliyepotelewa na neno. Kengele ndiyo inayomkumbusha muuguzi, na muuguzi ndiye anayemkumbusha mtoto.

Eneyda hakuwa fundi wa kubadilisha wino. Alisomea hesabu León, na kwa zaidi ya miaka kumi na tano alikuwa amezama katika kiini cha mfumo endeshi, ile sehemu ya ndani kabisa inayokaa kati ya programu na chuma. Programu ikiomba mahali pa kuweka namba, kiini huipa anwani, lakini anwani hiyo ni ya heshima tu. Mahali penyewe, kwenye kijiti gani cha memori na safu ipi, panajulikana na kiini peke yake, kwenye jedwali lake. Mtu wa Managua haoni ajabu hapo. Barua yangu mimi ilifika kwa maneno haya: kutoka ilipokuwa sinema, mitaa miwili kuelekea ziwani, nyumba ya tatu. Sinema yenyewe iliangushwa na tetemeko kabla tarishi hajazaliwa, na barua zilifika vilevile.

Ilianza Jumatatu moja ya Oktoba, saa tisa mchana. Muuguzi mkuu, Sista Isolda Tijerino, mwanamke mrefu mwenye sauti ya mwalimu wa gwaride, alipita mbele ya inkubeta namba tano akaona midomo ya Nubia imekuwa ya rangi ya zabibu. Akatazama kioo. Tisini na nne. Namba nzuri kabisa. Akatoa kipimo chake cha mkononi mfukoni, akakibana kwenye mguu wa pili. Sabini na nane.

Akampiga mtoto kidole kwenye unyayo. Nubia akashtuka, akavuta hewa. Ndipo Isolda akapiga simu chini.

"Bi Eneyda, panda juu. Mashine yako inanidanganya."

Eneyda aliniambia baadaye kwamba kama tofauti ingekuwa kumi na tatu, au tisa, angelaumu kidude cha mguuni na kurudi kwenye kahawa yake. Lakini tisini na nne kutoa sabini na nane ni kumi na sita. Namba ndani ya kompyuta ni safu ya swichi, na kila swichi ina thamani yake: moja, mbili, nne, nane, kumi na sita. Swichi moja tu ilikuwa imejiwasha yenyewe, na mtoto aliyekuwa akikata roho akaonekana yuko salama.

"Nilikwenda moja kwa moja kabatini," aliniambia. "Seva zile za gharama zina memori inayojikagua, swichi ikiteleza inairudisha. Hii yetu haina. Inaandika ulichoipa, ikioza inakaa kimya."

Siku ileile aliingiza ndani ya kiini kipande kifupi cha programu alichokiandika mwenyewe, kikaguzi. Kazi yake ilikuwa kuzunguka kwenye vyumba vitupu vya memori, kuandika humo kitu kinachojulikana, kuondoka, kisha kurudi kusoma. Kikikuta kimebadilika, kiliandika anwani ya chumba na kukifunga, ili kiini kisimpe mtu tena. Jioni kilikuwa kimefunga chumba kimoja. Jumanne asubuhi, vyumba sita. Alizifanyia hesabu anwani zile, akitoka kwenye namba ya kiini kwenda kwenye chuma, na zote ziliangukia kijiti cha tatu.

Vijiti vilikuwa vinne. Lakini kipi ni cha tatu? Maandishi ya kiwandani yalikuwa yamezama chini ya gundi iliyoyeyuka miaka mingi nyuma. Kilichobaki ni daftari la fundi aliyemtangulia, Mzee Ceferino Abaunza, aliyekuwa sasa amehamia kwa mwanawe San José, Kosta Rika. Mzee aliandika kama watu wote wa mji wake wanavyoelekeza: *Kijiti cha tatu: kutoka ilipokuwa feni kubwa, cha pili kuelekea ziwani.*

Feni kubwa ilikwisha kung'olewa, lakini matundu yake manne ya skrubu yalionekana katikati ya bodi, vijiti viwili upande huu, viwili upande ule. Ziwa liko kaskazini. Hata mtoto wa Managua anajua lilipo akiwa amefumba macho. Isolda alimpa dakika ishirini. Wauguzi watatu walisimama na vipimo vya mkononi, kila mmoja na watoto watatu au wanne, wakihesabu kwa sauti. Eneyda akazima, akachomoa cha pili kuelekea ziwani, akaweka kijiti cha akiba, akawasha. Kile alichokichomoa alikizungushia utepe mwekundu, akaandika juu yake MBOVU, akakitupa kwenye droo.

"Imekwisha?" Isolda akauliza.

"Imekwisha, Sista."

Jumatano mvua ilinyesha. Alhamisi ilinyesha. Kikaguzi hakikupata kitu. Nyumbani Eneyda alipika wali kwa maharage akaimba kidogo, na bintiye Yahoska, mama yake Nubia, akalala saa tano mfululizo kwa mara ya kwanza tangu ajifungue. Hakuwa ameambiwa chochote kuhusu namba ile ya uongo. Eneyda alinikazia macho mezani kila nilipofungua mdomo.

Ijumaa jua lilitoka na umeme ukakatika. Jenereta ya kliniki ilibeba inkubeta na seva, lakini haikuwa na nguvu ya kubeba kiyoyozi. Ilipofika saa nne asubuhi kabati lilikuwa la moto kama tanuri. Eneyda alifungua kioo chake kidogo akaona kikaguzi kimefunga vyumba vitatu. Alipokwenda kunywa maji na kurudi, kumi na saba. Saa tano na robo, mia mbili na arobaini.

Anwani zote: kijiti cha tatu.

Nilikuwepo siku hiyo, nimempelekea Yahoska chakula. Nilimwona Eneyda ameinama juu ya karatasi, akirudia hesabu ileile kwa penseli kama mtu anayetafuta ufunguo kwenye mfuko aliokwisha kuutafuta. Kijiti kile kilikuwa kipya. Ama cha akiba nacho ni kibovu, au bodi yenyewe inakufa, au hesabu yake ya anwani, ambayo kila kitu kilisimama juu yake, ilikuwa uongo tangu mwanzo.

"Si ufunge vyumba vibovu tu?" nilimuuliza.

"Ninafunga vitupu. Chumba chenye mtu hakipimwi, maana ukiandika humo unafuta kilichomo. Namba za watoto zimo ndani ya vyumba vyenye watu. Sijui ni watoto wangapi wanalala juu ya mbao zilizooza. Sina namna ya kujua."

Tuliondoka kwenye kabati. Yahoska alikuwa ameketi karibu na namba tano, mkono wake umeingia kwenye tundu la inkubeta, kidole kimeshikwa na kitu kidogo chekundu kilichofanana na mkono. Aligeuka akatabasamu.

"Mama, tazama mjukuu wako leo. Tisini na tano."

Eneyda hakutazama kioo. Alinawa, akaingiza mkono kwenye tundu la pili, akashika unyayo, akabonyeza kucha akangoja irudishe rangi. Ilirudi. Lakini polepole, au ilikuwa hofu yake tu. Akamwendea Isolda kwenye meza ya dawa, akamwambia chini kwa chini.

"Nahitaji dakika ishirini nyingine."

Isolda aliweka chini bomba la sindano. "Jumanne uliniambia imekwisha."

"Nilikosea."

"Ulikosea nini? Kitu gani?"

"Sijui bado."

"Hujui! Nikuzimie kengele ya watoto kumi na mmoja, katika joto hili, wawili kati yao wamesahau kupumua mara nane tangu asubuhi, halafu wewe hujui unakwenda kuchomoa nini? Mama, hapa si gereji."

"Isolda, mmoja wao ni wangu."

"Wote ni wangu," Isolda akasema. Kisha akashusha sauti. "Nitawaweka wasichana na vipimo vya mkono sasa hivi, wazunguke. Lakini kuzima nakupa mara moja tu. Moja. Ukizima, uwe unajua."

Eneyda alirudi kwenye kabati akapiga simu San José. Mzee Ceferino alipokea mlio wa pili, nyuma yake redio ikitangaza mpira.

"Nani anayekumbuka maiti?"

"Ni mimi, Eneyda. Mzee, sina muda wa utani."

"Basi ni kubwa. Wewe hata siku ya mazishi ya mama yako ulikuwa na muda."

Alimweleza yote haraka: swichi ya kumi na sita, anwani, daftari, kijiti. Mzee akazima redio.

"Hesabu yako nisomee." Akasomewa. "Hesabu safi. Ni cha tatu, hakuna mjadala. Umechomoa cha tatu?"

"Cha pili kuelekea ziwani. Kama ulivyoandika."

"Basi umechomoa chenyewe. Labda cha akiba nacho... Hebu niambie, jua la asubuhi bado linaunguza sikio ukiwa kwenye lile kabati? Mimi lilinibabua la kushoto miaka tisa, mke wangu akawa ananiita nusu mkate."

"La kulia," Eneyda akasema.

"La kushoto, binti. Dirisha liko mashariki. Nilisimama ziwa likiwa mgongoni, kwa hiyo kushoto."

"Mzee, mimi hapa natazama ziwa. Dirisha liko kulia kwangu."

Nilimwona Eneyda akiweka mkono juu ya kabati taratibu, kama mtu anayeshika ukuta kwenye giza.

"Nani aliligeuza?" mzee akauliza.

Alikuwa ni yeye. Miaka miwili nyuma kiyoyozi kipya kilipowekwa ukuta wa upande wa pili, aliwaita wabeba mizigo wanne wakaligeuza kabati zima ili mgongo wake upate upepo. Alisimama palepale akiwaelekeza: kidogo tena, kidogo tena, hapohapo. Ziwa halikugeuka. Ndani ya kabati, vijiti viwili vilivyokuwa vikitazama ziwa vikawa vinatazama mlima, upande wa kusini, na daftari likabaki linasema ziwani.

"Ni mimi," akasema.

"Basi ulichochomoa kilikuwa kizima. Na kibovu umekiacha humo humo."

"Ndiyo. Ubaridi wa mvua ulikificha tu."

"Una cha akiba kingine?"

"Hapana. Aina hii haiuzwi tena popote."

"Basi unacho kimoja," mzee akasema. "Umekiweka wapi?"

Kilikuwa kwenye droo, na utepe mwekundu, na mwandiko wake mwenyewe.

Sijawahi kumwona mtu akishika kitu kidogo kwa woga kama ule. Kipande cha kijani kisichozidi urefu wa kiganja. Hakukuwa na mashine nyingine pale ya kukijaribia. Hakukuwa na cha kugusa. Ukikigusa, kijiti kizima na kijiti kibovu vina baridi ileile. Alichokuwa nacho ni hesabu, na sikio la kushoto la mzee wa Kosta Rika. Kama mzee amesahau, kama sikio lilikuwa la kulia, basi alikuwa anakwenda kuchomoa kizima kingine na kurudisha uozo wa Jumatatu juu ya uozo wa leo, na hapatakuwa na dakika ishirini za tatu.

Akabandua utepe. Gundi ilibaki, akaifuta kwa pindo la blauzi.

"Sista, niko tayari."

"Unajua?"

"Najua," akasema, na midomo yake ilikuwa mikavu.

Kioo kikazimika. Wodi ikajaa sauti za wauguzi: "Namba mbili, tisini na moja. Namba tatu, tisini na tatu. Namba nne, themanini na sita, amka baba, amka." Yahoska akasimama. "Mama, kuna nini? Mbona wamezima?" Eneyda alikuwa amepiga magoti mbele ya kabati, jasho likimdondoka kidevuni. Aliweka kidole kwenye matundu ya feni. Ziwa mbele yake. Akahesabu kurudi kwake, kuelekea mlimani: kimoja, cha pili. Akachomoa. Kilimwunguza vidole, lakini vyote vilikuwa vya moto siku ile. Akasukuma kile kingine mpaka vibanio vyake vikalia tap, tap.

Akawasha.

Kiini huamka polepole. Kwanza hupima memori yote, chumba kwa chumba, kabla hakijamruhusu mtu kuingia. Alikuwa amekiagiza hivyo mwenyewe. Dakika tatu. Nne. Mistari ilipanda kwenye kioo chake kidogo, naye aliisoma akisogeza midomo. Hakuna chumba kilichofungwa. Hata kimoja. Kisha kioo cha ukutani kikawaka, na namba zikaanza kujaza safu zake: moja, mbili, tatu, nne.

Namba tano ikaja: sabini na tisa. Kengele ikalia.

"Umeiharibu!" Yahoska akapiga kelele. "Alikuwa tisini na tano! Mama, umefanya nini? Alikuwa tisini na tano!"

Nilimsikia Eneyda akisema, si kwa mtu yeyote, "Toa kumi na sita. Toa kumi na sita." Isolda alikuwa amekwisha kufika, kipimo cha mkononi kwenye mguu wa pili wa mtoto, macho kwenye kipimo. Sekunde zile zilikuwa ndefu kuliko mvua ya siku mbili.

"Sabini na tisa," Isolda akasema kwa sauti ya gwaride, wodi nzima isikie. "Mashine inasema kweli. Nubia! Wee Nubia, pumua, usitudhulumu."

Akampiga kidole kwenye unyayo. Mara mbili. Mara ya tatu mwili ule mdogo ukatetemeka, kifua kikabonyea, kikainuka. Themanini na nne. Themanini na nane. Kengele ikanyamaza. Tisini na moja, na kipimo cha mkononi kikasema tisini na moja.

Ndipo Yahoska alipoelewa. Alimtazama mama yake pale sakafuni.

"Asubuhi yote," akasema. "Nilikuwa nakaa hapa naisoma namba ile. Nilikuwa namshukuru Mungu."

"Najua, mwanangu."

"Tangu lini?"

"Jumatatu."

Yahoska hakusema neno jingine na mama yake mpaka Jumapili.

Jioni ile kabla ya kuondoka, Eneyda aliufunga utepe mwekundu kwenye kijiti kilichostahili, akakikata vipande viwili kwa koleo. Kwenye daftari la Mzee Ceferino alifuta neno ziwani kila lilipo, akaandika: kuelekea mlango wa kabati. Alipompigia mzee kumwambia, alimsikia akicheka.

"Na siku wakiubadilisha mlango?"

Hakucheka naye. Kesho yake alirudi na rangi ya kucha ya bintiye, akapaka kila kitundu cha kijiti nukta zake juu ya bodi yenyewe, moja, mbili, tatu, nne, mahali ambapo hakuna wabeba mizigo watakaoweza kuzitenga na kitu zinachokitaja.

Nubia alitoka Desemba, siku chache kabla ya Purísima, sikukuu ya Bikira Maria, mtaa mzima ukiwa umeanza kunuka miwa na fataki. Kliniki iliwapa kipimo kidogo cha kufunga mguuni usiku. Yahoska alikiweka mezani mbele yetu, mtoto mapajani, akasubiri kitulie.

"Tisini na saba, mama. Umeona? Tisini na saba."

"Nimeona," Eneyda akasema.

Akafuta mikono kwenye aproni, akavuka chumba, akainama kutazama midomo.